Wa "kurudi nyuma ni kwa waoga" amenifikisha mwisho leo

Wakuu, mnamjua, simtaji. Yule anayezunguka kwenye SACCOS na benki ndogo akiuza mfumo mpya wa kompyuta wa kutunza akaunti za wateja. Leo asubuhi kaulizwa mbele za watu: mambo yakiharibika, tunarudije kwenye mfumo wa zamani? Kajibu, "Kurudi nyuma ni kwa waoga." Waoga! Wanaolinda akiba za wajane na walimu wastaafu!

Miamala milioni 40 anataka ihame kwa mkupuo, Ijumaa saa 2 usiku hadi Jumatatu saa 2 asubuhi. Mazoezi kafanyia akaunti 500, hakuna hata moja yenye mkopo uliopangwa upya. Hesabu ya darasa la saba hii: mfumo ukipokea rekodi 1,000 kwa sekunde, milioni 40 ni zaidi ya saa 11, na hujalinganisha salio hata moja. Ikagoma kwenye rekodi ya milioni 38 ukaanza upya, Jumamosi imekwisha. Kurudi nyuma ni kwa waoga! Kauli hiyo hata uichemshe kwa mitungi kumi ya gesi haiivi.

Na bakapu (nakala ya data iliyowekwa pembeni) ya Ijumaa haikuokoi Jumatatu jioni. Mteja akishaweka pesa kwenye mfumo mpya, ukirudisha bakapu pesa yake imepotea. Ndiyo maana saa ya uamuzi hupangwa mapema, tuseme Jumapili saa 6 mchana: jumla ya salio kwa kila aina ya akaunti isipolingana hadi senti, mnarudi, hakuna mjadala.

Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja milioni 5 wikiendi moja, Aprili 2018. Vituo vya data viwili, uwezo wa kubeba mzigo ukapimwa kimoja tu. Watu wakafungiwa nje ya akaunti zao. Desemba 2022 ikapigwa faini ya zaidi ya pauni milioni 48. WAOGA?

Mzee wa Bakapu: Umenena. Tawi moja dogo kwanza, na lipite mwisho wa mwezi, maana riba na makato ya mishahara ndipo yanapoumbuka. Tarehe 12 kila mfumo ni mzuri.

Kichwa Ngumu: Mleta uzi punguza povu. Kuhama kwa awamu, tawi baada ya tawi, nako kunaua. Mteja wa tawi lililohama akitoa pesa tawi lisilohama, salio linashikwa na nani? Halafu Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa, Marekani, 1 Agosti 2012: seva 8, programu mpya ikawekwa 7, ya nane ikasahaulika. Wakaiondoa mpya kwenye zile 7, moto ukazidi. Dakika 45, hasara dola kama milioni 440. Hao walirudi nyuma, mkuu.

Mleta uzi: Walirudi bila mazoezi! Na kila akaunti salio lake likae mfumo mmoja tu, ule mwingine uulize. Lakini mmesikia alichosema lakini? KWA WAOGA!

Binti Kaunta: Tumesikia, mara ya tano sasa. Sisi tunafundishwa skrini mpya saa mbili tu, kesho yake foleni mpaka barabarani. Na printa ya vitabu vya akiba inachapa juu ya mstari wa jana. Hiyo hakuna anayeifungulia uzi.

Msukuma Waya: Awamu inawezekana. Matangazo ya TV ya analojia yalizimwa Dar 31 Desemba 2012, miji mingine ikafuata 2013.

Kichwa Ngumu: Usinikumbushe ving'amuzi! Kila kampuni king'amuzi chake, remoti yake, malipo yake.

Binti Kaunta: Na mvua ikianza tu, picha imeganda.

Msukuma Waya: Kaza kiungio cha waya kule kwenye dishi, kifunge mpira. Maji yanaingilia hapo.

Kichwa Ngumu: Na remoti isiyoshika?

Mzee wa Bakapu: Sugua vyuma vya betri kwa msasa laini. Vikiwa na ukijani, siki kidogo kwenye pamba.