Tupeane uzoefu: García uliyekutana naye, na jina lake lilivyofika huko

Mwanzisha uzi (Dar es Salaam)

Habari za jioni wakuu.

Juzi kijiweni kulizuka ubishi. Jamaa kakomaa kwamba Luis García aliyeifungia Liverpool lile goli la utata dhidi ya Chelsea mwaka 2005, beki Eric García na kipa Joan García wa Barcelona ni watu wa ukoo mmoja. Nikaona tulilete jamvini, maana humu kuna watu waliotembea.

Kwa faida ya wote: García ndilo jina la ukoo linaloongoza Hispania. Takwimu za serikali yao zinaonyesha zaidi ya watu milioni 1.4 wanalo kama jina la kwanza la ukoo, yaani karibu watu 3 kwa kila 100. Wanaolibeba kama jina la pili nao ni idadi hiyo hiyo tu. Halafu kuna makumi ya maelfu ambao baba García, mama García, kwa hiyo kwenye kitambulisho wanasomeka García García. Hapa kwetu karani angerudishiwa fomu akairekebishe.

Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na mke akiolewa habadilishi chochote. Luis wetu ni García Sanz, Eric ni García Martret, Joan ni García Pons. Ukibaki na García tupu, hujamtambua mtu bado. Ndiyo maana nacheka mtu akiniambia "wote ni García, basi ni ndugu".

Aliyewahi kuishi nao, kufanya nao kazi, kuoa au kuolewa nao, atiririke. Nawasilisha.

Baharia wa Likoni

Shukrani mkuu. Mimi nilikuwa kwenye meli ya Wahispania ya kuvua jodari, zile kubwa zinazozungusha wavu kisha unafungwa chini samaki wasichomoke. Kituo chake kilikuwa bandari ya Victoria, Ushelisheli, lakini wenyewe meli kwao ni Bermeo, mji wa wavuvi kwenye nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania.

Nahodha alikuwa García. Fundi mkuu wa injini, mtu wa Galicia, jimbo jingine la Hispania, García kwa upande wa mama. Mpishi naye García. Kwa hiyo jina hilo humo ndani halikuwa na kazi. Nahodha tulimwita "patrón", fundi tukamwita kwa jina lake la ubatizo, mpishi akaitwa kwa jina la kijiji chake. Nilimaliza mkataba sijasikia mtu akiita "García!" hata siku moja, na lilikuwa limeandikwa mara tatu kwenye orodha ya wafanyakazi iliyobandikwa mlangoni kwa nahodha.

Sasa huyu nahodha alikuwa na lake. Kila tukipumzika lazima amchokoze fundi: García ni jina letu sisi Wabaski, nyinyi wengine mmeazima tu. Kwao wapo wanaoliandika Gartzia mpaka leo. Nilipokuja kulisoma mwenyewe nikaona hakuwa anapiga porojo. Wataalamu wengi wanalirudisha kwenye Kibaski, ila wamegawanyika: wapo wanaolitoa kwenye neno la "kijana" katika lugha hiyo, wapo wanaolitoa kwenye neno la "dubu". Nahodha, bila shaka, alikuwa upande wa dubu.

Kilichonishika zaidi ni hiki. García mwanzoni halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa jina la mtu, kama Juma. Nahodha aliniandikia nyuma ya karatasi ya zamu orodha ya wafalme wa Pamplona, ufalme wa zamani wa kaskazini mwa Hispania, ndio Navarra ya baadaye: Sancho Garcés alitawala kuanzia 905, akafuata mwanawe García Sánchez kuanzia 925, akafuata mwanawe Sancho Garcés kuanzia 970, akafuata mwanawe García Sánchez, kisha tena Sancho Garcés, yule waliyemwita Mkuu, aliyefariki 1035. Garcés ni mwana wa García. Sánchez ni mwana wa Sancho. Nikamwambia patrón, hii ni Pwani kabisa! Kwetu babu Salim Ali, baba Ali Salim, mimi Salim Ali, na mwanangu wa kwanza hujauliza unamjua. Aliduwaa. Alidhani mambo hayo yamekufa na wafalme wake.

Tofauti ni kwamba wao baadaye walilisimamisha. Mwana wa Rodrigo alikuwa Rodríguez, lakini mjukuu naye akabaki Rodríguez hata kama baba yake si Rodrigo. Katika majina 10 yanayoongoza Hispania, 8 yanaishia na hiyo -ez: Rodríguez, González, Fernández, López, Martínez, Sánchez, Pérez, Gómez. García limepita hivyo hivyo lilivyo, bila mkia. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia, vilivyotiliwa mkazo na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliokwisha 1563, vilisaidia kuyagandisha majina, na serikali nayo ikaanzisha sajili yake kwa sheria ya 1870. Baada ya hapo huna ujanja, ulilozaliwa nalo ndilo hilo.

La mwisho nisiwachoshe. Kusini ya Maldivi kuna kisiwa kinaitwa Diego Garcia, jina lililobaki tangu safari za Wareno na Wahispania za karne ya 16. Kambi ya jeshi la Wamarekani iko hapo, na wenyeji walihamishwa kati ya 1968 na 1973, wakapelekwa Morisi na Ushelisheli. Mwaka 2010 Waingereza, waliokuwa wakisimamia eneo hilo, walipiga marufuku uvuvi maji yale, basi tukikaribia mpaka, patrón García anageuza meli huku akilalamika kwamba amefukuzwa na jina lake mwenyewe.

Mwanzisha uzi

Baharia umetisha. Hiyo ya Salim Ali na Ali Salim nakwenda nayo kijiweni kesho.

Nesi wa Maskati

Assalaam aleikum jamani. Mie kwetu Unguja, nafanya kazi hospitali hapa Oman. Wahispania nimewaona mmoja mmoja, lakini akina Garcia ninao wodini tele, na wote Wafilipino. Ukimuuliza kama babu yake alikuwa Mzungu anacheka mpaka anakaa chini.

Rafiki yangu mmoja kwao ni Albay, mkoa wa huko Ufilipino, ndiye aliyenielezea. Wahispania walitawala Ufilipino zaidi ya miaka 300, na muda mwingi wenyeji hawakuwa na majina ya ukoo ya kudumu. Wengine walijiita tu de la Cruz au jina la mtakatifu, kaka na dada kila mmoja na lake, wakusanya kodi wakawa hawajui nani ni nani. Basi tarehe 21 Novemba 1849 Gavana Narciso Clavería akatoa amri: kila familia ichukue jina la ukoo. Kilitengenezwa kitabu cha majina kwa mpangilio wa alfabeti, mengi ya Kihispania na mengine ya kienyeji, kurasa zikagawiwa mikoa na miji. Kwao Albay herufi zilikwenda kwa kufuata mji baada ya mji: makao makuu yakaanza na A, miji ya pwani inayofuata ikapata B, kisha C. Mpaka leo anasema ukimtajia jina la ukoo anaweza kukukisia mji. Familia iliyothibitisha kuwa na jina lake vizazi vinne iliachwa nalo.

Kwa hiyo Garcia la Mfilipino mara nyingi limetoka kitabuni. Halijazuia kitu: Carlos P. Garcia wa Bohol alikuwa rais wao kuanzia 1957 mpaka 1961.

Sasa kisa chetu. Wafilipino baada ya kutawaliwa na Wamarekani waliyageuza yale majina mawili: la mama linakaa katikati, la baba mwisho. Maria Garcia Santos wa Manila, baba yake ni Santos. Mwenye jina hilo hilo akiwa wa Madrid, baba yake ni García. Alikuja hapa daktari Mhispania, tuseme García Romero. Kompyuta ikamfanya kama Mfilipino, ikamweka kwenye R. Zamu ya usiku simu ya wodini ikawa inamtafuta "Dokta Romero", naye yuko chumba cha mapumziko anasikia, anajua si yeye, kwao hakuna anayemwita kwa jina la mama peke yake. Alhamdulillah mgonjwa alikuwa na homa tu. Ilibidi mkuu wa zamu aandike karatasi kwa mkono, aibandike pale kwenye simu.

Mama wa binti García (Hispania)

Nesi hapo kwenye kuitwa jina la mama nikuongezee, maana wakati mwingine wanafanya hivyo hasa. Likiwa la baba ni la watu wote, wanaliruka. Mshairi Federico García Lorca, aliyeuawa 1936, baba yake alikuwa García Rodríguez na mama yake Lorca Romero. Dunia nzima inamwita Lorca. Ni kwa sababu García hangejulikana ni yupi.

Mimi ni Mhaya, nimeolewa huku na García. Jengo letu pale chini kuna masanduku ya barua yamejipanga ukutani, na kila sanduku lina kikaratasi: García López, García Ruiz, Ruiz García, García García. Mwanzoni nilidhani tumepanga nyumba ya ukoo. Kumbe hawajuani zaidi ya salamu za kwenye lifti. Postamani hasomi jina la kwanza kabisa, macho yanakwenda moja kwa moja la pili.

Binti yetu ana García mbele, na nyuma jina langu, yaani la babu yangu mzaa baba. Kule nyumbani babu hakuacha mjukuu wa kiume wa kuliendeleza, ndugu walishalilia. Sasa shuleni García wako wengi darasani, mwalimu wake kaona isiwe tabu, anamwita kwa la pili. Lile jina la Kihaya linaitwa kila asubuhi na mwanamke wa Kihispania, kalipinda kidogo, lakini analiita. Nilimrekodia baba yangu kwa simu akalisikia. Alinyamaza, halafu akauliza ada ya shule ni kiasi gani. Ndivyo alivyo.

Lililonisumbua ni karatasi za kwetu. Ofisi moja (siitaji) waliniuliza mbona situmii jina la mume, kama ndoa ipo kweli. Nikawaeleza huku mke hachukui jina la mume. Hawakuamini mpaka nilipoleta cheti cha ndoa cha mama mkwe, naye jina lake liko pale pale alilozaliwa nalo.

Mpita njia

Nilikuwa napita tu. Mimi niliwahi kununua Hispania ile nembo ya ukoo wa García, ngao na simba, duka la zawadi za watalii. Ni ya kweli au nimepigwa?

Mwanzisha uzi

Umepigwa mkuu, pole. Nembo walipewa watu au familia maalumu, haikugawiwa jina zima. Milioni na ushee wote wachangie ngao moja? Itundike ukutani, ni mapambo.

Mkongomani wa Lubumbashi

Ndugu zangu, mnazungumza Hispania na Ufilipino, mmesahau kwetu. Watoto wa Kongo tunasoma habari za ufalme wa Kongo, ule wa Mbanza Kongo. Kulikuwa na mfalme Garcia wa Kwanza, 1624 mpaka 1626, halafu Garcia wa Pili aliyekalia kiti kuanzia 1641. Huyu wa pili ndiye aliyeshirikiana na Waholanzi walipowanyang'anya Wareno mji wa Luanda mwaka ule ule. Jina lake la nyumbani lilikuwa Nkanga a Lukeni. Garcia alilipata kwa Wareno, kwa ubatizo.

Naona huyu amelitumia vile wafalme wa baharia walivyolitumia: jina la mtu mwenyewe, si la ukoo. Na hakuwa na haja ya Mhispania kumwambia maana yake.

Dereva wa lori (Houston)

Fupi tu niko njiani. Marekani sensa ya 2000 Garcia lilikuwa la 8, sensa ya 2010 likapanda la 6, watu zaidi ya milioni 1.1, na zaidi ya 9 kati ya 10 wana asili ya Kilatino. Hiyo alama juu ya i huku wengi wameiacha. Mwenzangu wa zamu ni Garcia wa kusini mwa Texas, watu wake walikuwepo pale enzi za Meksiko, kabla Marekani haijaichukua Texas 1845. Kihispania hajui neno. Mimi nilijifunza kidogo kwa wateja, basi tukifika Laredo, mpakani na Meksiko, mimi ndiye ninayemwagizia chakula. Mhudumu akisoma jina lake kwenye kadi ya benki anamgeukia yeye, anaongea dakika nzima, mwenzangu anatikisa kichwa tu.

Mwanzisha uzi

Mama wa binti García, swali moja: sheria inalazimisha la baba litangulie?

Mama wa binti García (Hispania)

Zamani ndiyo. Mwaka 1999 sheria iliruhusu wazazi wakubaliane la mama litangulie, na tangu 2017 la baba halina kipaumbele tena: mnachagua wenyewe, mkishindwa kuelewana msajili anaamua. Mkipanga kwa mtoto wa kwanza, wadogo zake wa baba na mama hao hao wanafuata mpangilio huo huo, kwa hiyo fikirini kabla. Sisi tulifuata desturi tu, sikuwaza. Mtoto mwenyewe akishakua anaruhusiwa kugeuza. Wangu ana miaka 11 na ameshamwambia baba yake kwamba atageuza. Mume wangu kamjibu hana shida, García hawatapungua.