Jaji wa mabango ni mwandishi mwenza wa mshindi, halafu tunaambiwa "uamuzi ni wa mwisho"

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa na hili jambo wiki tatu nikijisemea yaache, leo limenishinda. Sitataja kongamano, chama wala hospitali. Waliokuwepo watajua wenyewe.

Mimi ni daktari wa hospitali ya wilaya, mkoa wa pembezoni. Wodi yetu ya wachanga ina chumba cha kangaruu chenye vitanda vinne na dirisha moja lisilofunga. Kwa wasio wa fani: mtoto njiti anafungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, joto la mama ndilo linalomlea. Na msidhani ni njia ya maskini waliokosa mashine. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa hapa Tanzania, ulikuta kwamba wachanga walioanzishiwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, asilimia 12.0 walifariki ndani ya siku 28. Waliosubirishwa mpaka hali itulie, asilimia 15.7. Ukasimamishwa kabla ya muda wake, maana ilishaonekana wazi wanaosubirishwa wanapunjwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya.

Sawa kabisa. Ila ule ulifanyika kwenye hospitali kubwa. Swali langu mimi lilikuwa dogo: kwetu huku, saa nane usiku, nesi mmoja zamu, ni nini hasa kinamchelewesha mtoto kufika kifuani kwa mama yake?

Nikapitia mafaili ya miezi kumi na nane. Ya karatasi, mengine yameshikana kwa unyevu mpaka unayabandua kwa rula. Jioni baada ya kliniki, na Jumapili. Kibali cha maadili peke yake kilinila karibu miezi mitano. Matokeo siyaweki hapa, nitajulikana kabla hamjamaliza kusoma.

Kongamano likatangaza kupokea abstrakti, yaani muhtasari wa utafiti. Maneno 250, kichwa ndani yake. Waliowahi kubana mwaka mzima wa kazi kwenye maneno 250 wanajua maumivu yake: unafuta "hata hivyo", unafuta "pia", mwisho unaanza kufuta ukweli. Nilipobonyeza kutuma, mfumo wao ukageuza alama ya "chini ya" kuwa alama ya kuuliza, kwa hiyo sentensi yangu ikasomeka "watoto wa gramu ?2500", kama vile hata mimi mwenyewe nabahatisha uzito. Nikawaandikia warekebishe. Kimya.

Tangazo lilisema abstrakti zitapitiwa bila wapitiaji kuona majina. Vizuri. Ila fomu ile ile, ukurasa wa kwanza, inataka jina, taasisi, cheo na jina la msimamizi, na ukishatuma unaletewa nakala ya PDF ambayo hayo yote yako juu kabisa kwa herufi nene. Labda wapitiaji walipewa nakala nyingine. Mimi niliyoiona ni hiyo.

Majibu yakaja siku kumi na moja kabla ya kongamano: imekubaliwa kama bango, yaani utafiti wako unauchapa kwenye karatasi moja kubwa, unaibandika watu wapite wasome. Hakuna maoni, hakuna alama. Na hapa pana ujanja ambao nadhani wengi wenu mmeshaonja. Dirisha la ada nafuu ya kushiriki lilifungwa wiki moja KABLA ya majibu kutoka. Kwa hiyo ama unalipa ukiwa hujui kama umekubaliwa, ama unasubiri ujue halafu unalipa ada kamili. Usipolipa, abstrakti inaondolewa kwenye kitabu cha kongamano. Nililipa kamili, mfukoni kwangu, kwa sababu hospitali ilisema kifungu cha mafunzo kimeisha.

Kuchapa bango la A0 wilayani kwetu haiwezekani, nikamtuma mtu mjini. Nikalisafirisha ndani ya kipande cha bomba la plastiki la maji, ndicho nilichopata. Konda akaniuliza, "Fundi, hilo bomba utalilipia kama mzigo?" Nikalipia. Usiku mzima nimelikumbatia, nafika Stendi ya Magufuli macho mekundu, naingia ukumbini moja kwa moja.

Mabango yalikuwa kwenye korido ya kuelekea chooni. Sitanii. Mbao zao zilikuwa za kulala, mabango yetu yalielekezwa yawe ya kusimama (maelekezo ni yao hao hao), kwa hiyo theluthi ya chini ikawa inaning'inia hewani, na ndiyo yenye hitimisho. Kila mtu aliyepita na sahani ya pilau alilipuliza likajikunja. Muda wa kusimama kwenye bango ulikuwa saa ya chakula cha mchana, kwa hiyo ama ule ama umsubiri jaji. Nilisimama dakika hamsini, mkono mmoja umeshika kona ya chini.

Majaji wakaja wawili. Mmoja alikuwa kwenye simu muda wote. Wa pili, Profesa, mtu ninayemheshimu na aliyenifundisha, alisoma kichwa, akaruka mpaka kwenye majina, akaniuliza swali moja: "Msimamizi wako ni nani?" Nikasema, shikamoo Profesa, sina msimamizi, nimefanya na wenzangu wa wodini. Akasema "Aaa." Akaandika kitu kwenye karatasi yake, wakahamia bango linalofuata. Sijui kama zilifika dakika mbili. Hakuna aliyeniuliza nilikusanyaje takwimu, wala kwa nini usiku ndiyo tatizo, wala nesi mmoja anafanyaje.

Zawadi ya mtafiti chipukizi nilikuwa sishindani, wanataka uwe chini ya miaka 35. Hebu pigeni hesabu: miaka mitano ya udaktari, mmoja wa mafunzo kwa vitendo, halafu kusubiri ajira, halafu wilayani mpaka uruhusiwe kwenda kusoma. Chipukizi wa nchi hii ana mvi. Kwa hiyo iliyobaki kwangu ni zawadi ya bango bora, na ndiyo niliyoitamani, kwa sababu mshindi analipiwa kwenda kongamano la nje. (Visa ni kilio kingine. Mnakumbuka mkutano wa UKIMWI wa Montreal 2022, Waafrika wangapi walinyimwa, mpaka Winnie Byanyima, mkuu mzima wa UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, akasema nusura azuiwe kupanda ndege Geneva. Lakini hata hiyo foleni ya kunyimwa visa lazima kwanza ulipiwe tiketi.)

Usiku wa chakula cha jioni wakatangaza. Mshindi ni rezidenti kijana, daktari anayesomea ubingwa. Nilimpigia makofi kwa moyo, kazi yake nzuri, na huyu kijana hana kosa lolote, naomba msimwandame. Nikarudi gesti, usingizi hauji, nikafungua kitabu cha abstrakti kwenye simu. Nikatafuta bango lake. Waandishi watano. Wa mwisho ni Profesa. Yule yule wa "Aaa". Nikashuka ukurasa wa nyuma, jopo la majaji wa mabango: jina la tatu, Profesa.

Jamani. Hata mtoto wa darasa la saba kwenye karatasi ya mtihani anaandika namba, haandiki jina. Sisi tunaojiita wanasayansi tunashindwa kumwambia jaji mmoja, hili bango ni lako, kaa pembeni lipimwe na mwingine? Ilihitaji bajeti gani?

Nikaandika barua pepe kwa kamati, ya heshima kabisa. Nikauliza mambo mawili: Profesa alijitoa kwenye kupima bango lile? Na je, naweza kuona karatasi yangu ya alama? Jibu mistari miwili: wanashukuru kwa kushiriki, na uamuzi wa majaji ni wa mwisho. Mimi sikukata rufaa! Zawadi wabaki nayo. Nilitaka kujua nimepata ngapi kwenye mbinu na ngapi kwenye matokeo, ili mwakani nijue pa kurekebisha.

Kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja nilipoligusia tu, kaka yangu mmoja bingwa akanifuata pembeni: "Dokta, nyamaza. Huyo ndiye atakayekuhoji ukiomba ubingwa." Ndiyo maana naandika huku bila jina.

Na kabla hamjanirushia mawe, mimi si malaika. Kwenye abstrakti yangu yumo Mganga Mfawidhi wetu, na hakusoma hata mstari. Miongozo ya uandishi ya majarida ya tiba inataka mwandishi awe amechangia kazi kweli, ameshiriki kuiandika au kuihakiki, ameidhinisha nakala ya mwisho na yuko tayari kuijibia. Vyote vinne. Yeye alisaini barua ya kuniruhusu kuingia stoo ya mafaili. Niliogopa kumwacha. Nesi niliyekuwa naye zamu za usiku, aliyenionyesha kwamba tatizo si ukosefu wa vitambaa ila ni nani wa kumshusha mama kutoka wodi ya wazazi, nilimweka wa nne. Hilo nimeshamwomba radhi, akacheka tu, akasema "Dokta, mimi nataka huyo mtu wa pili zamu ya usiku."

Sasa naomba kujua. Kuna yeyote humu, kongamano lolote la afya nchini, aliyewahi kuonyeshwa karatasi yake ya alama? Na waliowahi kuwa majaji, mlipewa fomu yoyote ya kutamka mgongano wa maslahi, au mlipewa kalamu na orodha tu mkaambiwa zungukeni?

NYONGEZA, saa nne usiku: Mnaosema "peleka jaridani tu, achana na zawadi", nimewasikia, nimeanza kuandika makala kamili. Anayeuliza bango liko wapi: Sista kalibandika kwa plasta chumba cha kangaruu, kwenye lile dirisha lisilofunga. Limeziba upepo.