Prosesa inapoteza nguvu kwenye kuswichi thredi, nipunguzeje?

kori_nane:
Habari wakuu. Nina seva ya Linux yenye kori 8, inaendesha programu ya C++ ambayo kila mteja akiunganisha anafunguliwa thredi yake (mkondo wake wa kazi ndani ya programu). Wateja wakiwa wachache inaenda freshi kabisa, ila wakifika kama mia nne spidi inashuka badala ya kupanda, na kwenye top naona sy (muda wa keneli, kiini cha Linux) imekula kuliko us (muda wa programu zenyewe). Nikipiga vmstat 1 ile safu ya cs (idadi ya swichi, yaani kori kuacha thredi moja na kushika nyingine) inacheza kwenye laki mbili kwa sekunde. Sasa kila ninaposoma wanasema swichi moja ni maikrosekunde chache tu, hizo chache ndo zinamaliza mashine yote?? Kuna seting ya keneli ya kupunguza au nitafute tu prosesa yenye kori nyingi zaidi?

mpiga_hesabu:
Mkuu kabla ya kununua chochote piga hesabu kwanza. Chukua swichi moja maikrosekunde 2, mara laki mbili, unapata sekunde 0.4, na wewe kwa kori 8 una sekunde 8 za kazi ndani ya kila sekunde moja ya saa. Hiyo ni asilimia 5. Kwa hiyo kitendo chenyewe cha kuhifadhi rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya kori) na kupakia za mwingine sio kinachokuua, kuna kingine.
Piga `pidstat -wt -p PID 1` (PID ni namba ya programu yako) halafu tuletee namba mbili, cswch/s na nvcswch/s. Ya kwanza ni thredi kulala yenyewe kwa sababu inasubiri kitu (neti, diski, au loki, yaani kufuli la kitu ambacho thredi zinakitumia moja moja), ya pili ni keneli kuitoa kwa nguvu maana zamu yake imeisha na wengine wanataka kori. Dawa zake ni tofauti kabisa, ndo maana mtu akikwambia "badilisha skejula" (mpanga zamu wa keneli) kabla hajaona hizo namba mpuuze.

bibi_kashe:
Nakazia hapo kwa mkuu. Hasara kubwa huwa inakuja BAADA ya swichi. Kashe (memori ndogo ya kasi ndani ya prosesa) ya L1 ya data kwenye prosesa nyingi ni kama KB 32 au 48 tu, thredi mpya ikiingia inajaza vitu vyake, ya zamani ikirudi inakuta meza imeshafutwa inaanza upya kuvuta data kutoka L2, L3 (kashe kubwa zaidi ila za polepole) au RAM kabisa. Muda huo top inakuonyesha prosesa iko bize kumbe inasubiri memori.
Thredi za programu moja angalau zinatumia jedwali moja la kurasa (ramani ya memori) kwa hiyo TLB (kashe ya ramani hiyo) haisafishwi, programu tofauti ndo zinaumia zaidi. Na kama keneli yako ina kinga ya Meltdown (ule udhaifu wa usalama wa prosesa uliotangazwa Januari 2018) basi hata kila mwito wa mfumo (programu kuiomba keneli kazi) unabadilisha jedwali, angalia `grep pcid /proc/cpuinfo`, PCID (lebo zinazofanya TLB isisafishwe kila mara) ikiwepo na keneli ni 4.14 kwenda juu maumivu yanapungua sana. Usizime hiyo kinga kama mashine inaendesha kodi za watu usiowajua.

taskset_tu:
Mi ningefunga thredi kwenye kori kwa taskset nimalize, kashe inabaki ya moto.

mpiga_hesabu:
@taskset_tu thredi 400 kwenye kori 8 ni 50 kila kori, zitaendelea kufukuzana humohumo, tena kori moja ikizidiwa jirani yake imekaa bure haiwezi kusaidia. Kufunga kunafaa ukishakuwa na thredi moja kwa kila kori. Kwa mambo ya neti ni epoll (njia ya Linux ya thredi moja kusubiri miunganisho mingi), thredi 8 zinazohudumia wateja wote, hakuna haja ya mia nne.

kori_nane:
Nimerudi. Karibu zote ni cswch, nvcswch ni ndogo sana. Nikapiga `strace -c -f` juu kabisa iko futex (mwito wa kusubiri loki), nikifuatilia naona thredi zote zinagombania loki moja ya kuandika logi (kumbukumbu za matukio ya programu).

bibi_kashe:
Basi kori nyingi zingekuongezea wagombania loki tu 😂 Kila thredi ipe bafa (memori ya muda) yake ya logi, awepo mwandishi mmoja anayezikusanya na kuandika kwa mafungu. Kama kuna loki nyingine fupifupi zinabaki, jaribu loki ya aina ya PTHREAD_MUTEX_ADAPTIVE_NP, thredi inazunguka kidogo kabla ya kulala kwa hiyo mara nyingi swichi haitokei kabisa. Epoll ni kazi ya kuandika upya nusu ya programu, iache kwanza uone hii imekufikisha wapi. Na ukipima tena kwa vmstat ruka mstari wa kwanza, ule ni wastani tangu mashine iwake.