Mark X au Crown Athlete, zote cc 2500, naombeni ushauri

Wakuu habari za jioni. Nina hela ya gari moja tu na nimeidunduliza miaka minne, kwa hiyo sitaki kukosea. Kuna Mark X ya 2012, ile ya modeli GRX130, nimeiona Tegeta, usajili wa namba D, na kuna Crown Athlete ya 2011 ipo Kinondoni, bei zinakaribiana. Naishi Goba ndani huko, kazini Posta, foleni kila siku asubuhi na jioni, halafu Disemba tunaenda Moshi watu watano na mabegi. Mimi roho ipo kwenye Mark X, wife anataka Crown. Ipi itanifaa?

Mdau wa Kimara
Mkuu kwanza ujue injini ni ile ile, 4GR-FSE, V6, gia sita, zote zinasukuma tairi za nyuma. Nguvu zake zinakaribiana sana, barabarani huwezi kuhisi tofauti. Mark X yangu hii mwaka wa tano, Kimara hadi Posta napata km 7 kwa lita, foleni ikikaza inashuka 6, safari ndefu inafika 11. Kwenye wese usihangaike kuzishindanisha, angalia ipi imetunzwa.

Fundi Gerezani
Naongezea hapo. Hiyo injini ni D-4, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo hakuna kinachozisafisha na kaboni inajijenga. Juzi nimefungua moja, valvu zimeganda masizi kama sufuria la kuni, mwenyewe alikuwa anabadilisha plagi kila mara akidhani ndo ugonjwa. Nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, iwashe, sikiliza kama inatetemeka, toa stiki uone oili iko wapi maana 4GR zingine zinakula oili, halafu mtu akanyage mafuta wewe ukiwa nyuma kwenye ekzosi. Ukiona moshi wa bluu ondoka hata kama rangi inang'aa.

Mama Mapacha
Mimi natumia Crown na nakaa Madale kwa hiyo barabara za huko kwako nazijua. Zote ziko chini, mvua za masika utakwangua tu. Ila Crown inapokea mashimo kwa upole zaidi, watoto wanalala hadi Moshi. Shida ni shokapu, Athlete nyingi zina zile za umeme za AVS, nilipoulizia bei nikakaa kimya kwanza. Za Mark X ya kawaida zinapatikana kirahisi.

Mdau wa Kimara
Na usishawishike kuagiza ya miaka hiyo Japani, gari iliyopita miaka kumi inapigwa uchakavu 30% juu ya ushuru mwingine. Chukua iliyopo hapa hapa.

Mwenye swali
Asanteni sana wakuu, hilo la shokapu sikulijua kabisa na wife nimemsomea. Jumamosi saa moja asubuhi naanza na ya Tegeta nikiwa na fundi, nimeshamwambia muuzaji asiiwashe kabla hatujafika.