Nimeuziwa shaba ya kuchovya kwa jina la sarafu ya fedha yenye mchoro wa Misri ya kale

Wakuu, salaam. Nimelifunika jambo hili kwa wiki tatu nikitumaini kwamba muuzaji atalimaliza kiungwana, lakini kwa majibu aliyonipa juzi sioni tena sababu ya kumsitiri.

Nilinunua kwake mtandaoni sarafu moja ya kumbukumbu, iliyotangazwa kuwa ni aunsi moja ya fedha safi ya 999 (yaani sehemu 999 kati ya 1,000 ni fedha), toleo la vipande 500 tu, kwa shilingi 310,000 pamoja na usafirishaji. Mchoro wake ni ile hukumu ya moyo iliyomo katika mafunjo ya Ani, mwandishi wa Misri ya kale, ya takriban mwaka 1250 KK, yanayohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London: mungu Anubis mwenye kichwa cha mbweha amepiga goti akirekebisha mizani, moyo wa marehemu uko upande mmoja na unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki, upande wa pili, na nyuma anangoja yule mnyama mwenye kichwa cha mamba, tayari kuumeza moyo utakaobainika kuwa na hila.

Kilichonitia shaka kwanza hakikuwa madini, kilikuwa mdomo wa ndege. Karani wa hukumu ile ni mungu Thoth, mwenye kichwa cha kwarara, na mdomo wa kwarara ni mrefu, mwembamba, umepinda kama mundu. Kwenye sarafu yangu, anayeshika kalamu na kibao cha wino ana mdomo mfupi wa kipanga, yaani kichwa cha mungu mwingine, Horus, kimebandikwa kwenye kiwiliwili cha Thoth. Nilipouliza, nikajibiwa kuwa huo ni ubunifu wa msanii. Karatasi iliyokuja na mzigo nayo inadai kuwa sarafu hii imefuata mfano wa zile walizotumia mafarao sokoni, ilhali Misri ya akina Ramses haikuwa na sarafu kabisa. Watu walikadiria bei kwa deben, kipimo cha uzito cha takriban gramu 91, na sarafu zilikuja kupigwa huko mwishoni kabisa mwa zama za mafarao.

Nikaipeleka kwa sonara ninayemwamini. Mizani yake ikasoma gramu 31.1, sawasawa na aunsi ya fedha, nikaanza kuona haya kwa kumshuku mtu. Sonara hakusema neno. Aliweka glasi ya maji juu ya mizani, akairudisha kwenye sifuri, akaifunga sarafu kwa uzi na kuizamisha majini bila kuiacha iguse chini. Hapo mizani husoma uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu, na kwa kuwa fedha safi ni nzito kuliko maji karibu mara 10.5, mizani ingesoma pungufu kidogo ya gramu 3. Ya kwangu ilisoma 3.5, na hiyo ni hesabu ya shaba. Kisha akachukua tupa, akakwangua ukingo mara mbili, wekundu ukajitokeza. Kumbe imeongezwa unene ili uzito utimie, halafu ikachovywa fedha juu.

Wamisri wenyewe waliiona fedha kuwa adimu kuliko dhahabu, wakaamini kwamba mifupa ya miungu ni ya fedha, na jeneza la Farao Psusennes wa Kwanza, lililopatikana katika mji wa kale wa Tanis mwaka 1940, lilikuwa la fedha. Kuwachorea hukumu ya mizani juu ya kipande cha shaba ni dhihaka, na mimi ndiye niliyeilipia.

Muuzaji anashikilia kwamba uzito uko sawa, na kwamba harudishi hela kwa kuwa kasha la plastiki limefunguliwa. Naomba anieleze sarafu iliyofungiwa ndani ya kasha inazamishwaje majini, maana naona sharti hilo limewekwa makusudi ili atakayegundua ulaghai awe amekwisha kupoteza haki yake kwa kitendo hichohicho cha kuugundua.

Cheti changu ni namba 217 kati ya 500. Jana jamaa mmoja aliyenunua kwa muuzaji huyohuyo alinitumia picha ya cheti chake, nacho ni namba 217. Nadai hela yangu yote, pamoja na gharama za usafirishaji na za sonara, na ikiwa yupo mwingine humu mwenye namba hiyo, aweke picha yake hapa.