Kura za watumiaji ziamue kazi ipi ianze?

mtunza_stoo, Morogoro

Wakuu, habari za kazi. Natunza programu huria ya maduka ya dawa: inarekodi dawa zinazoingia, zinazotoka na zinazokaribia kuisha muda. Tuko watatu, kila mtu na ajira yake, na maombi yamezidi mikono. Ndipo nikaandika kwenye ukurasa wetu wa GitHub, mtandao tunakotunzia programu: weka dole gumba kwenye tiketi (ombi au taarifa ya hitilafu) unayoitaka, yenye madole mengi ndiyo tutakayoanza nayo.

Sasa inayoongoza kwa mbali ni mwonekano wa giza. Mkiani, ikiwa na dole moja, iko ya mwenye duka wa Kilosa: umeme ukikatika wakati programu inahifadhi, mauzo ya siku nzima yanapotea. Nikishika ahadi naanza na rangi. Nikiivunja, waliopiga kura wataniona tapeli. Mnafanyaje kwenu?

bi_kasuku

Mkuu, ahadi ni deni. Na usidharau kura. Kivinjari cha Firefox cha Mozilla, waliombwa makundi ya vichupo (kurasa zilizofunguliwa kupangwa kimafungu) na watu 4,500 kwenye ukurasa wao wa mawazo, na mwaka 2025 wakayaleta. Sisi watumiaji wa kawaida tuna njia gani nyingine ya kusikika?

fundi_bamburi

Mwaka 2003 hao hao Mozilla waliondoa uwezo wa kuonyesha picha za MNG, yaani picha zinazocheza. Tiketi ya kuurudisha ikakusanya mamia ya kura. Haukurudi. Firefox 3 ya 2008 ikaja na APNG, njia nyepesi ya picha hizo waliyoibuni wenyewe. Kwa hiyo kura zinaomba, haziamrishi, na ni vizuri watu waambiwe hivyo mapema.

mtakwimu_kisumu

Ndugu mtunza_stoo, pole na mzigo. Mimi ni mtu wa takwimu za afya, DHIS2, mfumo wa kukusanyia takwimu hizo, ndiyo kazi yangu ya kila siku, basi nakujibu kutoka upande wa watumiaji. Mfumo huu unatengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo, na huku Kenya tunao mtandaoni nchi nzima tangu 2011. Tiketi zake ziko Jira, mfumo wa kufuatilia tiketi, ambako mtu anaweza kupiga kura. Anayepiga ni nani? Ni mimi, mwenye kompyuta na Kiingereza cha kuandikia tiketi. Muuguzi wa zahanati anayejaza takwimu jioni, wagonjwa wakishaondoka, hajui hata kama Jira ipo. Fomu ikigoma ananipigia simu.

Kwa hiyo ukiona tiketi ya mtu mmoja, uliza kwanza huyo mmoja anasemea wangapi. Umeme haukatiki Kilosa peke yake. Wenye maduka wengine wamepoteza mauzo yao wakarudi kwenye daftari, wala hawajawahi kufungua akaunti ya GitHub.

Halafu usipange hitilafu na maombi foleni moja. VS Code, programu ya kuandikia programu nyingine, wana utaratibu ninaoupenda: ombi la kipengele kipya linapewa siku 60, lisipofikisha kura 20 linafungwa. Hayo ni maombi. Hitilafu haipigiwi kura. Hesabu ya mtu ikipotea, ana haki programu itengenezwe hata angekuwa peke yake. Katika hili sina nusu nusu.

Na hilo dole halikuletwa liwe sanduku la kura. Januari 2016 watunzaji wengi wa programu huria waliwaandikia GitHub barua ya wazi. Moja ya kero zao ni tiketi kujaa maoni ya "+1" matupu, kila moja likipeleka barua pepe kwa wote wanaoifuatilia. Machi madole yakaja. Yalikuja kupunguza kelele.

fundi_bamburi

Naongezea: dole ni bure. Mtu anaweza kuyagawa kwenye tiketi mia bila kufikiri. Bugzilla, mfumo wa tiketi wa Mozilla, ilimruhusu msimamizi kuweka kikomo cha kura za kila mtumiaji, hivyo ukitaka kupigia kitu kipya unaondoa kura mahali pengine. Hapo ndipo unajua mtu anataka nini hasa.

bi_kasuku

La Kilosa nimekubali, lianze. Lakini waandikie waliopiga kura, kwenye tiketi ile ile ya rangi, kwamba utaratibu umebadilika na kwa nini. Usibadilishe kimya kimya.

mtunza_stoo, Morogoro

Ahsanteni sana. Nimeshaandika. Wawili wamejibu kwamba nao umeme uliwahi kuwapotezea mauzo, hawakudhani ni jambo la kufungulia tiketi. Tunaanza na uhifadhi: kila dawa inayouzwa iandikwe diskini papo hapo, isingoje siku ifungwe. Kura zitabaki kwa maombi tu, na kabla ya kila toleo nitawapigia simu wenye maduka wasio na GitHub, yao niyafungulie tiketi mwenyewe. Nilichokwama ni kuyapanga maombi kwa idadi ya madole.

fundi_bamburi

Kwenye kisanduku cha kutafutia tiketi andika sort:reactions-+1-desc. Hitilafu zipe lebo yake kwanza, uzichuje zisiingie humo.