Kichujio kimoja tu kwa darubini ya milimita 130: seti ya rangi, UHC au O III?

Tudor_Usiku
Salaam wakuu. Nna darubini ya kioo, kipenyo milimita 130, fokasi 650. Nakaa Tudor na huangalia nikiwa juu ya paa. Upande mmoja taa za barabara, upande wa pili mwanga wa bandari ya Kilindini ambao haulali. Mshtarii na Zohali sina neno nao. Taabu yangu ni mawingu ya gesi: lile la Jabari, M42, naliona kama alama ya kidole kwenye kioo cha dirisha, na mengine siyaoni kabisa.

Pesa niliyoweka ni ya kichujio kimoja. Nimeona seti ya vioo vya rangi sita kwa bei ya kutupa, UHC (kichujio cha mawingu ya gesi) ya elfu nne hivi, na O III (cha mwanga wa oksijeni ya mawingu hayo tu) ya kampuni yenye jina ambayo bei yake ni mara nne au tano ya hiyo UHC. Nichukue kipi? Na mwenzenu hujuaje kizuri na kibovu? Huyu muuzaji wa UHC kaandika "ubora wa juu", basi, hana zaidi.

FundiSaa_Kibokoni
Seti ya rangi ondoa kwenye hesabu. Kile ni kioo kilichotiwa rangi tangu kikiyeyushwa. Chekundu kitakusaidia kidogo kwa Mirihi, cha buluu kwa mikanda ya Mshtarii, lakini kwa wingu la gesi ni kama kuvaa miwani ya jua usiku.

UHC na O III ni kitu kingine. Kioo chenyewe hakina rangi. Kimepakwa matabaka mengi membamba sana yanayorudisha mwanga fulani na kuupitisha mwingine. Ukikishika mkononi kinang'aa kama kioo cha kujitazamia, na ukikiinamisha rangi inabadilika. Kisipobadilika, umeuziwa kioo cha rangi.

Sasa ubora. Oksijeni ya kwenye mawingu yale hung'aa kwenye mistari ya nanomita 495.9 na 500.7, na haidrojeni kwenye 486.1 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, yaani rangi yake). Kichujio kizuri kinaipitisha mistari hiyo kwa asilimia 90 au zaidi, na pembeni yake kinafunga mlango kwa kishindo. O III huacha upenyo wa nanomita kumi na kitu, UHC kama 25, kwa sababu inaikaribisha na ile ya haidrojeni. Vya bei rahisi vingi hupwaya: mlango mpana, taa za mtaa zinapenya, au umesogea hadi mstari wa oksijeni unagonga mwimo. Kwa hivyo mwambie muuzaji akupe mchoro wa mwanga unaopita. Akikosa, uliza bei upya.

Mimi UHC huzipima mezani. Chukua CD kuukuu na ile balbu ya mrija uliosokotwa ya kuokoa umeme. Zima taa nyingine, ukinge mwanga wa balbu kwenye CD mpaka uone vipande vya rangi vimeachana: zambarau, samawati ya bahari, kijani, kisha nyekundu ya machungwa. Weka UHC mbele ya jicho. Kile kijani kikali cha 546 kinatakiwa kife, na samawati ya bahari ibaki. Nshaletewa moja hapa dukani, kijani kikabaki kinaniangalia. Nikamrudishia mwenyewe.

Kilimia
Fundi kasema kweli, lakini kapima mezani tu. Hapa Mombasa kuna mtihani wa pili, nao ni hewa yetu.

Kichujio changu cha kwanza kilikuwa kizuri siku ya kwanza. Nikakiweka kwenye droo karibu na dirisha linalotazama bahari. Kusi haikuwa imekwisha nikaona vidoa kwenye ukingo, vidogo kama punje za ulezi, kisha tabaka likaanza kubanduka kama rangi ya mashua. Matabaka laini hunyonya unyevu, na yakinyonya hata ule mlango wa nanomita husogea kutoka mahali pake. Yaliyopakwa kwa njia ya kisasa, yakashindiliwa kwa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme), ni magumu na hayapitishi maji. Kwa hivyo usiulize mchoro peke yake, uliza na mpako umewekwaje. Vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu unavyovikuta kwenye boksi la viatu usivitupe, vitie kwenye mkebe pamoja na kichujio.

Tena angalia pete. Hesi ya inchi 1.25 ikichongwa ovyo itakung'ang'ania gizani na vidole vina jasho. Na ukisikia kioo kinacheza ndani ya pete, wacha.

Na taa: vile vichujio vipana vya "taa za mjini" vilitengenezwa zama za taa za manjano za sodiamu na zile za zebaki. Siku hizi LED zinamwaga rangi zote, kwa hivyo vipana havina faida kubwa. Vyembamba bado vinafanya kazi.

Kwa kioo chako cha 130 ningekwenda UHC kwanza. O III kwenye kipenyo kidogo huzima nyota mpaka unapotea njia.

FundiSaa_Kibokoni
Hapo tutabishana, bibie. O III nzuri na lenzi ya jicho ya milimita 25 haimpotezi mtu. Tatizo ni wanaoitia kwenye lenzi ya milimita 6 kisha wanalalamika giza.

ZuhuraNyali
Samahani kuingilia, kipo kichujio cha kusaidia kuutafuta mwezi mwandamo? Baba anataka kujaribu kwa darubini yangu.

Kilimia
@ZuhuraNyali UHC haina kazi hapo. Cha rangi ya chungwa hupunguza ubuluu wa anga la magharibi, mwezi ukajitokeza kidogo. Ila jua lizame kabisa kwanza, ndipo umpe baba lenzi.

Nahodha_Mstaafu
Wanangu, kwa kuwa jua limetajwa. Kwenye makasha ya darubini za zamani hukutwa kikioo kidogo cheusi cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho, cha kutazamia jua. Mimi changu nilikivunja kwa nyundo ili mjukuu asije akakiokota. Moto wote uliokusanywa na darubini unakwenda kukutana pale, na kikipasuka jicho liko nyuma yake. Kichujio cha jua hukaa mbele, mdomoni mwa darubini, kimefungwa imara upepo usikinyanyue, na cha kutazama kwa jicho huwa cha msongo wa 5: hupitisha sehemu moja katika laki moja. Kile cha 3.8 ni cha kamera. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Luxor, Misri, litafichika zaidi ya dakika sita, sisi huku tutapata kipande. Nunueni mapema.

Tudor_Usiku
Narudi na habari. Jana Kilimia kaniazima UHC yake ya sasa, tukapanda paani. Hatukuifunga, tuliishika kwa vidole baina ya jicho na lenzi, tukawa tunaitia na kuitoa. M42 ikaota mabawa. Hamu ilipotupata tukangoja saa sita, tukalenga kusini, wingu la gesi la Eta Carinae likiwa juu ya mapaa. Bila kichujio: nyota na ukungu wa mji. Kikiingia, nyota zinafifia, wingu linabaki palepale, na katikati yake mfereji mweusi. Nikaitia na kuitoa kama mara ishirini.

Ya elfu nne nayo nimeijaribu kwa CD mbele ya muuzaji. Kijani kilipungua, hakikufa. Kaniuliza CD ni ya nini.

FundiSaa_Kibokoni
Ukamjibuje?

Tudor_Usiku
Nikamwambia ni mchoro wake aliokosa kunipa. Naongeza akiba miezi miwili, nachukua UHC ya mpako mgumu. Fundi, hiyo O III yako huiazimi?

FundiSaa_Kibokoni
Njoo Ijumaa baada ya isha. Uje na lenzi ya 25.